Elfu ishirini zilizorudi, kanga iliyobaki

Swali: "Mwezi wa Mei nilikwenda Pemba peke yangu, siku nne. Siku ya pili nikapanda daladala ya Chake kwenda Konde, nia yangu Msitu wa Ngezi nikaone popo. Njiani tairi likapasuka na mvua ikashuka palepale. Bibi mmoja akaniita kutoka barazani kwake. Nilikaa kwake kama saa tatu. Alinipa kanga kavu nijifunge, akanilisha shelisheli la nazi kwa samaki, na nilipoaga akanitilia machungwa kwenye pakacha. Nikamwekea shilingi 20,000 mkononi. Alizirudisha kwenye mkoba wangu bila neno, uso ukabadilika. Mjukuu wake akanisindikiza hadi barabarani. Kanga nayo nikasahau kuivua, ninayo mpaka leo. Je, nilimtukana? Desemba narudi na mume wangu, nifanyeje? Na ile ilikuwa bahati tu, au ndivyo mlivyo?" Msomaji, Kyela.

Jibu:

Mdogo wangu, nimezaliwa Pemba upande wa Wete, na huu ni mwaka wa 22 natembeza wageni kisiwani na kuwafunza vijana kazi hiyo. Habari ya pesa iliyorudishwa nimeulizwa mara nyingi, na watu wa bara, na Wazungu, hata na Waunguja wa mjini. Lakini wewe una kitu ambacho wao hawakuwa nacho, na umekitaja mwishoni kabisa kama kitu kilichokuponyoka: kanga. Nianzie hapo.

Kanga ni doti, vipande viwili vyenye jina moja. Mwanamke wa shamba kwetu kimoja hujifunga, kimoja hujitanda. Akionekana na kimoja tu, ujue anakwenda uani au kisimani, hajatoka bado. Kipande ulichonacho kina mwenzake, na mwenzake yuko Pemba, kwenye kamba au chini ya sanduku, hana kazi. Unadhani bibi hakujua? Mwanamke wa Pemba anazijua kanga zake kama Mmasai anavyowajua ng'ombe wake. Ulipotoka umejifunga alikuona. Mjukuu naye alitembea nawe mpaka barabarani kanga iko mbele ya macho yake njia nzima, na mtoto wa kwetu haoni haya kusema "dada, hiyo kanga ya bibi." Hakusema. Sithubutu kukwambia kwamba alikupa, maana angetaka kukupa angetamka. Alikuacha uende nayo. Na mtu aliyekwenda na kipande cha kanga yako hana budi siku moja kurudi.

Tazama pia alivyokutoa. Kusindikiza kwetu kuna vipimo vyake. Kuna mgeni wa kusindikizwa mpaka kizingitini, kuna wa mpaka kwenye mwembe wa kwanza, na kuna anayepelekwa hadi barabarani, mtu akasimama naye mpaka gari ije. Mwenyeji aliyeudhika husema "haya, safari njema" akabaki amekaa. Wewe ulitolewa mtu wa kwenda nawe, na baada ya zile pesa, si kabla. Kwa hiyo tulia.

Sasa zile elfu ishirini. Kosa lipo, dogo, na si la kutoa pesa. Watu wengi hudhani Mpemba hapokei pesa. Nani kasema? Tunazihitaji kama mnavyozihitaji nyinyi. Ila pesa kwetu huwa na jina. Kuna ya tambuu, kuna ya sukari, kuna ya nauli, kuna mkono wa pole unaompa mfiwa, kuna tunza unayomtunza bibi harusi. Ukimkuta mzee akitafuna, ukamshika mkono wakati wa kuagana ukamwambia "bibi, hii ya tambuu," umempa zawadi, na atakuombea dua mpaka uchoke kuitikia amina. Ukizitia mkononi kimya kimya, mlangoni, sahani ndiyo kwanza imeondolewa, zile pesa hazina jina. Na zisizo na jina watu huzipa la kwao, nalo ni ujira. Bibi wa watu akajiona ghafla mama ntilie, kama mnavyosema huko. Saa tatu nzima alikuwa mwenyeji, na kwa sekunde moja akawa mtu aliyeuza sahani ya shelisheli. Uso uliobadilika ule ni wa fedheha. Nami nadhani nusu ya fedheha yenyewe ilikuwa kwa ajili yako, kwamba hujui.

Kiasi nacho kilikuponza. Elfu mbili angeweza kuicheka, akasema "mtoto huyu!" Elfu ishirini ni uzito mwingine kwa mtu anayeuza machungwa kwa pakacha.

Hapo nikuingize jikoni, kwa sababu wewe ulikaa ukumbini na hukuona. Ulipokaa tu, ukapewa maji, ukaulizwa habari za safari, kuna mtoto alitoka kwa mlango wa uani. Hukumwona akitoka, ndiyo adabu yake. Shelisheli lenyewe halina gharama, liko mtini, hupopolewa kwa upondo likashuka. Nazi ipo. Lakini nazi moja haitoshi shelisheli la watu watano, tui litakuwa maji matupu, na sukari ya chai labda iliisha jana. Basi yule mtoto kaenda kwa jirani kuomba nazi ya pili, au dukani kuchukua robo ya sukari ikaandikwa kwenye daftari. Na samaki uliyemla, mdogo wangu, huyo alikuwa wa chakula chao cha usiku.

Siwezi kuapa, sikuwepo. Lakini nimekulia nyumba ya namna ile, na mimi ndiye niliyekuwa nikitumwa. Mama alikuwa na ishara yake. Akishamkalisha mgeni hunigeukia kwa sauti tamu kabisa: "Hebu katazame kuku kama wameshaingia." Kuku wenyewe wako miguuni petu wanadonoa. Maana yake kimbia nyumba ya pili ukaombe kikombe cha sukari, upitie nyuma, na ukirudi usiheme. Mgeni anakunywa chai ya mkandaa tamu, anasifu, mama anasema "kaza moyo, ndiyo tuliyojaaliwa," na mimi bado nina mchanga wa mbio miguuni. Nimekuwa mtu mzima ndipo nikajua kwamba hata yule jirani alikuwa na kuku wake wa kutazamwa, na sukari ilikuwa inazunguka kiamboni nyumba hadi nyumba ikimfuata mgeni.

Ndiyo maana nasema ulichopewa hakikuwa cha bure, na malipo yake yapo. Yanachelewa tu. Mwenye haraka ya kulipa huonekana ana haraka ya kuondoka.

Nikwambie kosa langu mwenyewe, kubwa kuliko lako. Miaka ya mwanzo ya kazi nilikuwa na nyumba moja niliyoipenda, ya mama mmoja ninayemwita shangazi ingawa hatuna damu. Siku moja nilipita na wageni wawili tukiwa njiani, akatuita, tukala muhogo wa nazi, wageni wakafurahi mpaka machozi. Wiki ile ile nikapita tena na wengine, nikijifanya ni bahati. Mwezi uliofuata mara tatu. Kila mara mkeka umetandikwa, kila mara "karibuni, karibuni." Nami nilikuwa nikilipwa na wageni kwa siku ile, mkate wangu, na katika mkate ule shangazi hakuwa na kipande. Siku ya sita au ya saba nikapiga hodi, akatoka mtoto wa miaka mitano hivi akasimama mlangoni akanitazama vizuri, akasema: "Mama kasema akija anti na wageni tuseme hayupo." Na sauti ya shangazi ninaisikia jikoni inakatika katikati ya neno.

Sikulala. Kesho yake nilikwenda peke yangu, na sukari kilo mbili, nikakaa uani kwenye kibao cha mbuzi nikamkunia nazi bila kuombwa, na tulipomaliza ndipo nikafungua mdomo. Tukakubaliana: wageni wa kazi watakuja kwa miadi, kwa bei, na bei aliitaja yeye. Wale ni wateja. Nikija mimi nimechoka njiani na mwenzangu mmoja, huyo ni mgeni, na hapo pesa haitajwi. Mpaka leo anapika kwa bei, hana fedheha hata chembe, anahesabu noti mbele yako na kukurudishia chenji. Noti zilezile, mkono uleule. Kilichobadilika ni kwamba sasa zina jina.

Umeniuliza kama ilikuwa bahati. Tairi kupasuka pale ilikuwa bahati. Kuitwa, hapana, na sababu zake ni za kale na si zote za upole wa moyo, tusijisifu bure. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikuta merikebu ikitia nanga vijana huifuata kwa vyombo vidogo, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, akamkabidhi mfanyabiashara mmoja na kusema huyu ni mgeni wangu. Tangu hapo mgeni yule hulala kwake, na biashara yake hupitia mikononi mwa mwenyeji wake. Pwani hii yote, kuanzia huko hadi Kilwa aliyoifikia baadaye safari hiyohiyo, mtu aliyeshuka chomboni bila mwenyeji alikuwa hana wa kumsemea. Ukarimu ulikuwa na faida yake, kila mtu akiijua, na haukuwa mbaya kwa sababu hiyo.

Pemba ikaja kuongezewa sababu nyingine. Mwaka 1872 tufani iliing'oa mikarafuu ya Unguja na kuiacha mingi ya Pemba, na toka siku hizo karafuu nyingi za visiwa hivi hutoka kwetu. Karafuu zikiwiva hazisubiri. Ikichanua kikonyoni bei imekwenda. Kwa hiyo kila msimu hutakiwa mikono, na mikono hutoka Unguja na kwingineko, watu wanaoshuka Mkoani na Wete na furushi kichwani. Mgeni barabarani kwetu ni mtu wa kawaida kabisa. Halafu tunakaa kwa kutawanyika, nyumba tatu hapa, tano kule, katikati mikarafuu na minazi, na zamani hakukuwa na nyumba za wageni. Ukikutwa na mvua au usiku uko kwenye baraza la mtu, upende usipende.

Na sisi wenyewe ni watu wa kuondoka. Wavuvi wetu huenda dago, yaani kambi ya uvuvi, mwambao wa bara miezi kadhaa, vijana wana maduka Tanga, Dar es Salaam na Mombasa. Nina hakika bibi yako ana mtoto au mjukuu mahali huko, na ulipotota pale mbele yake alimwona yeye. Wanasema Wapemba hujuana kwa vilemba. Kweli, lakini asiye na kilemba naye hatuachi anyeshewe.

Ila usije ukaondoka na imani kwamba kila anayekuita Zanzibar anakuitia hayo. Unguja mjini, ukishatoka bandari ya Malindi, utakutana na papasi, na wenyewe wanajua wanaitwa jina la kupe. Nao wana watoto wa kulisha, siwatukani. Namna ya kuwatambua ni maswali yao. Papasi huanza na unakokwenda: hoteli gani, ufukwe gani, umeshapata gari? Mtu wa barazani huanza na unakotoka: wa wapi, wa nani, huko kwenu kunalimwa nini, wazazi hai? Bibi alikuuliza nini kwanza? Nina hakika alikuuliza una watoto wangapi. Ukiwa peke yako mwanamke, shika pia hili: nyumba ambayo huoni mwanamke wala watoto, shukuru ukiwa nje, usiingie. Na ukilazimika kulala mahali, mwenyeji atampelekea habari sheha, kiongozi wa serikali hapo mtaani. Hakushitaki, ndiyo taratibu, na ni kinga yako na yake.

Kitu kingine kinachowapiga chenga watu wa bara ni neno lenyewe "karibu." Kuna karibu ya salamu. Unapita njiani, watu wako kwenye sinia, mmoja anainua mkono: "Karibu!" Unajibu "starehe," unaendelea na safari. Hakuna aliyekutegemea ukae. Ukikaa watakupisha na watakula kidogo. Karibu ya pili huisikii sana, unaiona. Mtu anasogea. Anaupangusa mkeka kwa kiganja pale alipokuwa amekaa. Anamwita mtoto alete maji ya kunawa. Ukishaona beseni na birika linakuja ushakuwa mgeni, na kukataa wakati huo ndiyo matusi yenyewe, hayo unayoyaogopa. Hata kama umeshiba nawa, mega matonge mawili kwa mkono wa kulia, sema "Alhamdulillahi" au "nashukuru, nimeshiba," watakuelewa. Ramadhani mambo ni mengine: mchana usile mbele za watu kabisa, na jioni usipite kijijini saa ya futari kama una haraka, maana utakamatwa mkono.

Haya, Desemba.

Fua ile kanga, uianike kivulini isipauke, uikunje. Ukipata udi uifukize. Kwetu chombo hakirudi kitupu: jirani akikuletea bakuli la mchuzi, bakuli litarudi na ndimu tatu, au tungule, au hata chumvi kidogo, lakini halirudi limeoshwa tu likapigwa upepo. Kanga ile ndiyo bakuli lako. Na wewe umetoka Kyela, jamani, unaniuliza upeleke nini? Peleka mchele. Kilo tano. Pemba tunakula wali na tunajua mchele unaonukia. Bibi ataupika siku ya Ijumaa na kiambo kizima kitajua umetoka wapi. Usilete gunia, utamlemea, ataanza kuwaza na yeye akupe nini cha uzito huo.

Ukitaka kuongeza, nunua doti mpya. Lakini soma jina kabla hujalipa! Mgeni wangu mmoja alichagua kwa rangi, nyekundu nzuri sana, akampelekea mwenyeji wake mbele ya mke mwenziwe. Imeandikwa "Hasidi hana sababu." Yule mgeni anatabasamu, hasomi Kiswahili. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Wale wake wenza nasikia walichukua muda kusemeshana.

Mumeo umwandae. Mkifika yeye atabakizwa barazani na wanaume, wewe utapitishwa ndani, na huenda msionane mpaka saa ya kuondoka. Asikutafute kwa kukuita jina dirishani. Ataletewa kahawa chungu katika kikombe kidogo, ataulizwa habari za mvua za Mbeya, za bei ya mpunga, na za kwao mpaka babu wa babu, na ajibu kwa kirefu; habari ndiyo zawadi ya mwanamume barazani, hakuna anayetaka jibu la "nzuri" likaishia hapo. Simu za kupiga picha ziacheni mifukoni mpaka muombe. Jikoni usipige hata ukiruhusiwa. Ataruhusu kwa haya.

Huenda mkakuta msimu wa karafuu haujaisha. Nje kutakuwa na majamvi yameanikwa. Zungukeni, msikanyage wala kuruka juu yake. Jioni watu hukaa duara wakichambua, na hapo ndipo nakushauri ukae bila kualikwa mara mbili. Unachukua kichala, unakisukuma kwa kiganja cha mkono wa pili na kukizungusha kidogo, vikarafuu vinakatika vinaanguka upande wako, makonyo unayatupa upande mwingine. Makonyo nayo ni mali, hukamuliwa mafuta, usiyatie takatakani. Saa ya kwanza utakuwa mzito, wasichana wa miaka kumi watakushinda na kukucheka. Saa ya pili mkono unajiendea wenyewe, na mazungumzo ninayoyajua mimi yote ya maana kisiwani hapa nimeyasikia katika duara hilo. Vidole vitanukia karafuu mpaka urudi Kyela. Kama mumeo ataitwa naye achambue, basi mshapokelewa. Wakikutaka uchukue karafuu kavu za kuondoka nazo, chukua za kutia kwenye pilau, zinazoenea kiganjani, zaidi ya hapo shukuru ukatae. Magendo ya karafuu ni kosa kubwa hapa na hutaki kumtia bibi mashakani kwa ajili ya ukarimu wake.

Wakati wa kwenda, epukeni saa za sala na saa ya kula. Baada ya alasiri ni vizuri. Msiende moja kwa moja nyumbani. Shukeni, mpite dukani, msalimie, mseme mmekuja kwa nani. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 543,441 Pemba nzima na nina uhakika kwamba wote wa upande ule washasikia habari ya dada wa bara aliyetota mvua akaondoka na kanga. Mtu wa dukani atakutazama kiunoni kwanza. Halafu mtoto atatumwa mbele kupeleka habari, nanyi mtembee polepole, mumpe bibi nafasi ya kujitanda. Hodi pigeni mkiwa mbali kidogo na mlango, pembeni, msiuelekee. Mara tatu. Kusipoitikiwa mara tatu ondokeni, mrudi baadaye.

Ya zile elfu ishirini usiyafukue. Usiombe radhi, utamlazimisha kuikumbuka ile saa. Mpe kanga, mpe mchele, kaeni. Mkishaagana, na akiwa ni mtu wa tambuu, mshike mkono wa kulia kwa mikono yako miwili na noti moja ndogo ndani, useme maneno mawili niliyokwambia. Safari hii naamini hataitia mkobani mwako.

Na kama ni popo unaowataka, shukeni Kidike, kati ya Chake na Wete, mapema jioni kabla hawajaruka. Popo wa Pemba hapatikani pengine duniani, na pale Kidike huwaona wananing'inia mitini kama matunda.

Jambo la mwisho, la barabarani. Mkifika mkaambiwa "bibi kaenda konde," msikimbilie gari ya kwenda Konde kama alivyofanya mgeni wangu mmoja wa Dodoma. Konde ni shamba lake, liko nyuma ya nyumba. Kaeni barazani. Kuna mtoto keshatumwa kumwita, na mwingine, kama nyumba zetu nazijua, anatazama kuku.